Tulivyowasha Injini ya Ndege Kosele

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kazi hii niliifundishwa kwa Kiswahili. Dholuo nilizaliwa nayo, na Kiingereza tuliachana nacho darasa la nne bila kugombana. Ninyi vijana wa shedi yetu ya Oyugis mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi ili msome mkipumzika. Sijui mtapumzika saa ngapi. Nilipokuwa hapo hamkupumzika.

Mambo ya vyeo sitaandika. Kwenye chuma hakuna cheo. Kuna mtu anayejua na kuna mtu anayeungua vidole, na wengi wetu tumekuwa wote wawili siku moja.

Nilizaliwa Sakwa, upande wa Migori. Ndiyo maana huku Kosele nilikoolewa wananiita Nyar Sakwa, yaani binti wa Sakwa, hata leo nikiwa na wajukuu. Nikiwa msichana nilienda mjini Migori kuuza nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa mafundi wa chuma. Sufuria yangu ikatoboka. Fundi mmoja mzee, Ramadhani, akanizibia. Kesho yake ikavuja, nikamrudishia.

"Mzee, umeiziba vibaya."

Wenzake wote wakaacha kugonga. Hakuna aliyewahi kumwambia Ramadhani neno kama hilo, na hasa msichana mwenye mwiko mkononi. Alinitazama, akanisukumia nyundo.

"Basi ziba wewe."

Nikaziba. Nilikaa hapo mpaka jua likageuka, nyoyo ikapoa, mafundi wakajipakulia wenyewe. Nilipomaliza, mzee alimimina maji ya moto ndani ya sufuria, akaiweka mapajani mwangu.

"Hapa kwangu, aliyeziba ndiye anayekaa nayo," akasema.

Haikuvuja. Ningekuwa nimelipua kazi, leo ningekuwa naandika hadithi ya hospitali. Akaiondoa sufuria mapajani mwangu, akaniambia, "Kesho njoo bila mahindi."

Hiyo ndiyo sheria mliyoikuta shedini, na wengi wenu mnadhani niliitunga mimi kwa ukali wangu. Ni ya Ramadhani. Ukishona tangi, siku ya kwanza likijazwa, wewe ndiye unasimama karibu nalo kuliko watu wote. Ukichomelea kiungo cha trela, wewe ndiye unapanda trela safari ya kwanza. Mteja asisimame mahali ambapo fundi anaogopa kusimama. Mtu akijua kwamba atakaa karibu na mshono wake, mkono wake unakuwa na adabu.

Mzee huyo alinifundisha pia Kiswahili, kwa sababu alikataa kunisikia nikisema lugha nyingine. Ijumaa alikuwa msikitini, Jumamosi mimi nilikuwa kanisani, Jumapili wenzetu wengine nao makanisani mwao. Mteja mwenye haraka alijua ni siku gani za kuja. Nilipochomelea mara ya kwanza bila miwani, kwa kiburi, usiku macho yaliwasha kana kwamba yamejaa mchanga wa mto, nikalala na vipande vya viazi juu ya kope. Asubuhi hakunipa pole. Alinipa miwani.

Nikawa fundi. Siku moja nikaitwa Ogwedhi, kule mpakani na Narok, kwenye soko la ng'ombe. Lori lilikuwa limevunjika sakafu, na ng'ombe wa watu wamesimama hapo wakingoja kupanda. Nikawasha mashine, nikainama. Ghafla mtu akapiga kelele kutoka chini ya lori, kwa Kikuria. Sikujua neno hata moja. Nikamjibu kwa Dholuo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Naye hakuelewa, lakini aliona uso wangu. Akatoka kule chini, amejaa grisi mpaka kwenye nyusi, na hapo ndipo tukaanza kugombana vizuri, kwa Kiswahili.

"Mama, unataka kutuua? Tanki ya dizeli iko hapa, kichwa changu kiko hapa!"

"Kichwa chako nani alikiweka chini ya kazi yangu?"

"Mimi ndiye makanika!"

"Basi ungeniambia uko!"

"Si ndiyo nakuambia!"

Wachunga ng'ombe walicheka mpaka wakaketi. Jina lake ni Mwita. Tangu siku hiyo, lori likiwa na shida ya injini kwangu nilimpigia yeye, na likiwa na shida ya bodi kwake alinipigia mimi. Mambo yetu yote, hata ya msiba, tumezungumza kwa lugha ya Ramadhani.

Baadaye nilifungua shedi Oyugis. Mwanzo ilikuwa majiko tu. Mtu anayetengeneza majiko kwa miaka mingi anajifunza jambo moja kuliko yote, nalo ni kwamba moto unakula kutoka chini. Ukitoboa matundu mengi chini, jiko linawaka. Ukibana matundu, mama wa watu anapepea mpaka mkono unakufa, halafu anarudi kukutukana. Nilitoboa matundu mpaka nikawa natoboa ndotoni. Baada ya majiko zikaja geti, baada ya geti trela, baada ya trela matangi ya maji ya kubebwa na malori. Hayo matangi ndiyo yaliyoisimamisha shedi. Majiko yanakupa kazi wewe. Tangi linawapa kazi watu wote mliopo, mkataji, mkunjaji, mpaka rangi.

Binti yangu Auma mnamjua. Alianza kuchomelea akiwa na mtoto wa kwanza tumboni, na mimi nikamfukuza kwa sababu ya moshi, akarudi na mtoto mgongoni, nikamfukuza tena, mpaka mtoto akaanza shule na sababu zikaniishia. Mkono wake ni bora kuliko wangu. Hili sikuwahi kumwambia, na ninavyowajua nyinyi, mtamsomea ukurasa huu kwa sauti.

Kisha macho yangu yakaanza. Mshono mmoja nikawa nauona miwili, na yote miwili imepinda. Mtoto wa jicho, daktari alisema, tutamtoa. Alinitolea wa upande mmoja, lakini kazi ya karibu sikuiweza tena. Nikatangaza kwamba shedi ni ya Auma. Mlininunulia blanketi. Asanteni. Sijazeeka hivyo.

Wiki hiyohiyo akaja Bwana Ouko, mwenye malori ya maji, mteja wetu mkubwa. Alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni, akakataa chai. Nikajua kuna neno.

"Nyar Sakwa, sasa unaenda. Nani atanishonea matangi?"

"Auma yuko."

"Auma ni mtoto mzuri."

"Auma si mtoto. Ana watoto."

"Ninasema hivi. Jiko sawa, geti sawa. Lakini tangi likijaa maji, lori liko kwenye mteremko, mshono ukifunguka..."

"Lile unalotumia sasa nani alishona?"

"Ni yeye. Lakini wewe ulikuwa umesimama hapo."

"Kwa hiyo macho yangu ndiyo yalikuwa yanashona? Macho haya yanayoona Ouko wawili?"

Alicheka, lakini hakubadilika. Alikuwa ameshapata mafundi wengine Kisii. Auma alikuwa nyuma yetu ameshika grinda haijawashwa. Alipoondoka Ouko, aliiwasha ile grinda, akasaga chuma kisichohitaji kusagwa.

Nyinyi nyote mlijua maana yake. Ouko akiondoka, wenye matangi wengine wangemfuata, na shedi ingerudi kwenye majiko. Nusu yenu mngetafuta kwingine. Na Auma angekuwa yule binti aliyekuwa anasaidia mama yake.

Mambo yalikuwa hivyo Mwita alipofika nyumbani kwangu Kosele na gunia. Alilitua mbele ya karakana ndogo niliyoijenga nyuma ya jiko la nyumba, mahali nilipohamishia vifaa vyangu vya zamani ili nisife kwa kukaa. Ndani ya gunia kulikuwa na turbo ya lori kubwa. Kwa asiyejua, ni ile konokono ya chuma inayokaa kando ya injini. Ina magurudumu mawili madogo kwenye fimbo moja. Moshi unazungusha gurudumu moja, la pili linavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini.

"Mama Auma, unajua ndege za watalii zinapita juu ya Ogwedhi kwenda Mara?"

"Nazisikia mpaka nikifunga macho."

"Injini ya ndege ni hii hapa. Hii inavuta hewa, unaipeleka kwenye chumba cha moto, moto unaipanua, inarudi kwa nguvu, inazungusha gurudumu hili, na hili linavuta hewa nyingine. Inajilisha. Nimeona mzungu kwenye simu ameitengeneza kwake, nyuma ya nyumba."

"Mzungu huyo hana shamba?"

"Nimeitaka tangu nikiwa kijana, Mama Auma. Turbo ninaijua. Kinachonishinda ni hicho chumba cha moto. Kinataka mshono ambao hauna hata kosa dogo. Ndani moto, ndani upepo, yote pamoja. Mshono ukiwa wa kulipua, unafunguka kama mdomo."

Nilikuwa namfikiria Ouko. Jioni hiyohiyo nikampigia simu.

"Ouko, ukiona mshono wa Auma umebeba moto na upepo kwa pamoja, na mimi sijaugusa, utaamini?"

"Moto na upepo wa nini?"

"Wa injini ya ndege."

Nikadhani simu imekatika.

"Nyar Sakwa, macho yamepona lakini kichwa kimeanza?"

"Nimekuuliza swali."

"Nitaamini. Lakini ukifunguka mbele yangu, tusisumbuane tena kuhusu shedi yenu."

"Sawa."

Auma nilimwambia baada ya kukubali, na hilo lilimkasirisha. Alisema ningemuuliza kwanza, kwa kuwa jina ni lake. Nikamwambia angekataa. Akasema ndiyo, angekataa. Kesho yake alikuja Kosele na mashine yake.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, msome vizuri. Ganda la nje tulilikata kwenye bomba nene la kisima kilichokufa. Mrija wa ndani, ambao moto unakaa ndani yake, tulitaka stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa sababu mabati ya kawaida yanatoa moshi mweupe wa sumu na kuanguka kama maganda ya vitunguu. Stenlesi tuliipata kwenye karai kubwa la kukaangia chipsi la hoteli moja Oyugis iliyofungwa. Tulipoichoma mara ya kwanza kijiji kizima kilinusa chipsi. Pampu ya mafuta ya kulainisha ile fimbo ilitoka kwenye usukani wa lori, Mwita akaifunga na mota. Turbo bila mafuta inakufa kabla hujasema jina lako. Moto wa kuanzia ulikuwa plagi ya pikipiki, na chakula chake gesi ya mtungi. Upepo wa kuanzia ulikuwa feni yangu ya kupulizia moto wa kufulia chuma, ile kubwa ya umeme, mnaijua kwa kelele.

Auma alishona ganda akiwa amelala ubavu, akiwa amekaa, akiwa amepiga magoti, kwa sababu bomba lilikuwa zito na yeye hakutaka tulizungushe, likapata mvutano. Alisugua kila tabaka kwa brashi ya waya kabla ya kuweka lingine. Mimi nilikaa mbali, kwenye kiti, mikono chini ya khanga. Mwita aliniangalia akacheka.

"Mama Auma, umekalia mikono?"

"Nimeifunga kama mbuzi."

Ganda lilipokamilika tulilijaribu kwa maji kwanza, kwa pampu ya mkono. Karirini hili. Maji yakipasua chuma yanakulowesha tu. Hewa ikipasua chuma inakuua. Anayejaribu chombo kipya kwa hewa ana haraka ya kukutana na babu zake. Mshono haukutoa hata jasho.

Kilichobaki kilikuwa matundu ya ule mrija wa ndani. Hiyo nikasema ni yangu, kwa sababu kutoboa ninaweza hata kwa kupapasa, na matundu ya moto ndiyo maisha yangu. Nikatoboa mengi na makubwa upande moto unapoanzia, kama tunavyofanya chini ya jiko, na machache kule mwisho. Nilitoboa vizuri sana. Mistari imenyooka, kingo zimelainishwa. Mwita aliushika mrija akasema ni mzuri kama kitu cha kanisani.

Tukawasha sisi watatu. Feni ikapuliza, plagi ikalia, gesi ikafunguliwa, puu, moto ukashika, halafu ukazimika. Tena. Puu, ukazimika. Tukipunguza upepo unashika lakini mwali unakimbilia nje ya mkia, mrefu kama mkono wangu, na gurudumu linazunguka kivivu. Tukiongeza upepo, unazimika. Tulifanya hivyo siku nyingi. Mwita akailaumu turbo, akaifungua yote, akaifunga tena. Mimi nikailaumu gesi. Mtungi ukabadilishwa. Bado.

Siku moja Auma akauchomoa ule mrija, akauweka juu ya meza, akakaa akiutazama mpaka chai yake ikapoa.

"Mama, hili umetengeneza jiko."

"Ndiyo. Moto ni moto."

"Si moto mmoja. Jiko linavuta pumzi lenyewe, polepole, kwa hiyo tunalifungulia mlango. Hii inapulizwa. Wewe ukitaka kuzima mshumaa unafanyaje?"

Nikapapasa matundu ya mrija.

"Unapuliza. Matundu yako yote yako pale mshumaa ulipo. Moto hauna mahali pa kujificha."

Mwita alisema, "Eeeh," kwa sauti ya chini sana.

"Matundu madogo mbele, machache, moto upate kukaa," Auma akasema. "Makubwa yawe nyuma, hewa nyingi iingie wakati moto umeshashika, ipoze ule moshi kabla haujafika kwenye gurudumu."

Majiko niliyotengeneza yamejaa nchi hii kuanzia Rongo mpaka Kendu, na sasa nilikuwa naambiwa juu ya matundu. Nikamwambia achore alama za matundu mapya kwa chaki, na mimi nitatoboa. Akachora. Nikatoboa.

Wakati huo habari zilikuwa zimeenea. Naibu wa chifu akaja asubuhi moja na fimbo yake, akazunguka karakana kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, watu wanasema unatengeneza kombora."

"La kumpiga nani? Kuku wa jirani?"

"Hiki kitu kinaruka?"

"Umeona mabawa?"

"Sasa kinafanya nini?"

"Kinapiga kelele na kutoa hewa ya moto."

"Ya nini basi?"

"Hata mikutano yako ni hivyo, na hatujawahi kukuuliza."

Mwita alijifanya anatafuta spana. Naibu wa chifu alicheka mpaka akakohoa, akasema tufanye mchana, si karibu na ibada ya mtu yeyote, na tumwite.

Gesi ilikuwa imebaki ya kuwasha mara moja tu, kwa hiyo matundu mapya hatukuyajaribu kwanza. Tukachagua Jumapili alasiri. Ouko alikuja na gari lake, na hakuja peke yake. Alikuwa ameleta wenzake wawili wenye malori. Sikuwa nimewaalika. Hapo nikaelewa kwamba kama mambo yataharibika, yataharibika mbele ya wateja wetu wote kwa mara moja. Majirani walijaa kwenye ua wa miti. Injini ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye chasi ya trela ya zamani, na pande mbili za gurudumu tumepanga magunia ya mchanga, kwa sababu gurudumu la turbo likivunjika linaruka kwa pembeni kama risasi. Hapo hapasimami mtu yeyote. Lakini mwenye gesi lazima asimame kando ya chumba cha moto, upande wa nyuma ya mtungi, mkono kwenye koki. Hiyo ni nafasi ya aliyeshona. Hakuna aliyeuliza. Auma alifunga kitambaa kichwani, akaweka pamba masikioni, akaenda akasimama.

Mimi nilishika feni. Mwita alikuwa kwenye geji ya mafuta.

"Mafuta yako sawa!" akapiga kelele.

Nikawasha feni. Gurudumu likaanza kuzunguka, sauti nyembamba kama mbu. Auma akabonyeza plagi, akafungua gesi. Puu. Nikangoja uzimike. Haukuzimika. Ukakaa. Ukanguruma ndani ya bomba kama mtu mzima anayeamka vibaya. Auma akaongeza. Mbu akawa filimbi. Ganda likaanza kubadilika rangi, bluu, kisha sehemu moja karibu na mshono ikaanza kuwa nyekundu, nyekundu ya giza, ile ya chuma kinachofikiria kulegea.

Ouko aliiona. Aliwashika wenzake mikono wakarudi nyuma. Ua mzima wa watu ukarudi nyuma. Naibu wa chifu alikuwa wa kwanza.

Na mimi nawaambia ukweli wa siku hiyo. Nimewasimamisha wengi wenu karibu na matangi yenu, mkitetemeka, na moyo wangu haujawahi kuruka. Siku hiyo nilifungua mdomo nikapiga kelele kwa Dholuo, kwa nguvu yangu yote, "Auma, toka hapo!"

Aliniona mdomo. Akatikisa kichwa. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Badala ya kupunguza gesi, aliongeza. Baadaye alinieleza, aliona moto umekaa karibu na ukuta kwa sababu upepo ulikuwa mdogo, na upepo ungekuja tu kama gurudumu lingekimbia zaidi. Akalikimbiza. Filimbi ikapanda, ikapanda, ikapita mahali ambapo masikio yangu yanafika, na pale kwenye wekundu pakaanza kufifia, pakarudi bluu, pakatulia. Akanigeukia akaniashiria kwa mkono. Ondoa.

Nikaiondoa feni.

Kila kitu kilinyamaza ndani yangu. Nje hakukuwa na kimya chochote. Injini haikuzima. Iliendelea yenyewe, inavuta, inapuliza, inajilisha, na hewa ya moto ikitoka mkiani ikapeperusha migomba ya jirani upande wa pili wa ua. Mbwa wote wa Kosele walilia. Chasi ya trela, ambayo tuliifunga breki na kuitega mawe, ikasukuma yale mawe taratibu ikasogea mbele. Watu walipiga vigelegele, na vigelegele vyenyewe havikusikika, tuliona vinywa tu.

Mwita alikuwa ameacha geji. Alikuwa amesimama mikono kichwani, machozi yanapita kwenye grisi, anacheka. Nikamwashiria arudi kwenye geji yake. Furaha haimwagi mafuta kwenye beringi ya ile fimbo.

Auma aliiacha ikimbie mpaka aliporidhika yeye. Kisha akafunga gesi, nikarudisha feni kuipoza, filimbi ikashuka, ikawa mbu, ikawa pumzi, ikasimama. Ndipo tukasikia watu. Hata sasa nikikutana na mama wa soko Kosele ananiambia masikio bado yanamwimbia.

"Mwita," nikasema, "umeisikia?"

"Mama Auma, hata babu yangu ameisikia."

Ouko alingoja mpaka chuma kipoe. Alivaa miwani yake ya kusomea, akainama, akaufuata ule mshono kwa kidole, mwanzo mpaka mwisho, akapita mahali palipokuwa pekundu, akarudi tena hapo, akapagonga kwa kucha. Wenzake wawili waliinama naye. Nilisimama nikijiandaa kumjibu, kwa sababu nilikuwa na maneno niliyoyatunza tangu ile siku ya chai.

Akanipita. Alinipita kabisa, kama anayepita nguzo ya stima, mpaka alipokuwa Auma anakunja waya.

"Fundi," akamwambia, "tangi langu la lori kubwa, ukilishona upya, ungetaka bati la unene gani?"

Auma hakugeuka kuniangalia. "Kwanza nilione lori. Chasi ikiwa imechoka, sishoni juu yake."

"Chasi ni nzima."

"Hayo nitasema mimi nikiiona. Lete Jumanne. Jumatatu nina trela ya mtu."

"Na langu?" akauliza mmoja wa wale wenzake.

"Foleni iko."

Nilivua aproni, nikaitundika kwenye msumari. Mwita alikuwa ameleta viti viwili vya plastiki kivulini. Tukakaa tukanywa chai, tukatazama watu wakifanya kazi.